Kabla hujavishwa bangili ya hoteli

Nilikaa miaka 11 nyuma ya kaunta ya mapokezi, hoteli tatu tofauti, zote pwani ya kaskazini ya Mombasa, kati ya Nyali na Shanzu. Ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianza wakati mmoja: saa nne kasorobo asubuhi, siku ya mgeni kuondoka. Mizigo iko mlangoni, dereva wa teksi ameshapiga honi, watoto wamevaa viatu, na mimi namkabidhi baba mtu karatasi yenye jumla ya shilingi 9,400. Anaitazama kama nimempa barua ya kortini.

"Dada, si tulilipia kila kitu?"

Walilipia, ndiyo. Ila "kila kitu" ya hoteli, yaani ol-inklusivu, ina saa zake, ina mipaka yake, na ina orodha ambayo kwa kawaida imekaa ukurasa wa pili wa karatasi asiyoisoma mtu. Siku hizi sipo hotelini, nauza mahamri na mbaazi Kisauni, lakini ikifika Agosti na Disemba simu yangu haipoi. Shangazi wa Nakuru, wifi wa Eldoret, chama cha kina mama wa Voi, wote wananitumia kotesheni, ile karatasi ya bei ya hoteli, niwasomee. Nimechoka kurekodi sauti zile zile kila mwaka, kwa hiyo naandika.

Anza na herufi mbili zilizo karibu na bei. BB ni kulala na kifungua kinywa, basi. HB, wenyewe twasema hafu bodi, inaongeza chakula cha usiku. FB, fulu bodi, ni milo yote mitatu. Hapa ndipo watu wa bara huanguka: fulu bodi haina kinywaji. Utakula bafe usiku, mhudumu atakuja na tabasamu, "Mtakunywa nini?", mtaagiza soda nne na maji makubwa, na hayo yote yanaandikwa kwenye namba ya chumba. AI ndiyo ol-inklusivu yenyewe, ile ambayo mgeni wake huvishwa bangili mkononi ili atambulike: milo mitatu, vitafunio vya alasiri, na vinywaji fulani kwa saa fulani. Hayo maneno mawili, "fulani" na "fulani", ndiyo nitakayoyafafanua zaidi.

Kabla ya hapo, bei. Binamu yangu alitumiwa kotesheni ya 12,500 akafurahi, akapiga hesabu ya usiku tatu: 37,500. Hakuona maandishi madogo yaliyosema ni kwa mtu mmoja, wawili wakigawana chumba. Yeye na mkewe, usiku tatu, ni 75,000. Hoteli nyingi za ufukweni hutaja bei kwa kichwa, wakati mitandao ya kuwekea nafasi hutaja bei ya chumba, na ukilinganisha hizo mbili bila kujua utadhani hoteli moja ni ya wizi na nyingine ni ya sadaka. Mtu anayekuja peke yake naye asishangae kuongezewa, kwa sababu chumba ni kile kile. Watoto wana ngazi zao za umri. Wadogo kabisa mara nyingi hawalipi, wa kati hulipa nusu wakilala na wazazi, na anayevuka umri uliowekwa anahesabiwa mtu mzima hata kama bado anaogopa giza. Uliza umri wenyewe, maana kila hoteli ina wake.

Kisha kuna bei ya mkaazi na ya asiye mkaazi. Kitambulisho cha kila mtu mzima kije, si picha ya simu. Nimeona familia iliyolipia bei ya wakaazi ikaombwa kuongeza pesa kaunta kwa kuwa mume alikuwa na pasipoti ya nje na hana kibali cha kuishi nchini. Na uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ndani yake. Kwa bei za wakaazi kwa kawaida imo, lakini ukiuliza kwa maandishi unabaki na jibu la kumwonyesha mtu wa mapokezi.

Sasa vinywaji, ambavyo ndivyo vilivyonipa mvi.

Ol-inklusivu ya kawaida ya Mombasa hukupa soda, maji, bia za hapa nchini, pombe kali zinazotengenezwa hapa, na waini ya nyumba kwa glasi. Ukitaja wiski kutoka Scotland au waini ya chupa yenye kizibo, umetoka nje ya uzio, na barman hana wajibu wa kukukumbusha kila mara. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni vile vitu vidogo visivyolewesha. "Juisi" iliyo ndani ya bei ni ile ya mashine, ya rangi ya machungwa, tamu kupita kiasi. Juisi ya embe au pasheni iliyosagwa mbele yako inaweza kuwa ya kulipia. Kahawa ya bafe ni bure, kapuchino ya baa huenda si bure. Maji ya glasi au ya kujichotea ni bure, chupa iliyofungwa ambayo mama anaipeleka chumbani kwa ajili ya dawa za usiku, hiyo kuna hoteli zinaiandika. Yule baba wa shilingi 9,400 hakunywa hata tone la pombe. Ilikuwa juisi za pasheni za watoto, chupa za maji, na friji ndogo ya chumbani ambayo binti yake aliigeuza duka. Friji ya chumbani ichukulie ni ya kulipia mpaka uambiwe vingine.

Saa nazo. Baa ya ol-inklusivu hufunguliwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kufungwa saa tano usiku, baadhi mapema zaidi. Dakika moja baada ya hapo muziki unaendelea, barman ni yule yule, glasi ni ile ile, ila sasa unatia sahihi. Kama hoteli ina baa tatu, uliza ni zipi zinaitambua bangili, kwa sababu ile nzuri yenye upepo karibu na maji ndiyo mara nyingi imekodishwa kwa mtu mwingine. Vivyo hivyo mikahawa ya kuagiza kwenye menyu. Utaambiwa unaruhusiwa mara moja kwa kila safari, uweke nafasi mapema, na kambakoche ina nyongeza yake. Mimi nilikuwa nikiwashauri wageni waweke nafasi hiyo siku ya kwanza wakifika, kabla hata ya kufungua mabegi, kwani Jumamosi meza zinaisha.

Hili neno bangili lina hadithi yake, nisameheni nitoke kidogo njiani. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alianzisha Club Méditerranée, kambi ya mahema kule Mallorca, Uhispania. Unalipa mara moja, unakula, unalala, unacheza. Vinywaji vya baa havikuwa ndani, na baadaye wageni wakawa wanavinunua kwa shanga walizovaa shingoni, kwa sababu mtu aliye na chupi ya kuogelea hana pahali pa kuweka pochi. Niliposimuliwa hili kwenye mafunzo ya kazi, wanawake wote chumbani tuliangua kicheko, na mkufunzi, kijana wa bara, hakuelewa kwa nini. Shanga za kwetu hazinunui soda.

Haya, turudi. Jambo ambalo halimo kwenye kotesheni yoyote, na ambalo Mombasa linauma kuliko kwingine, ni jamaa. Ukija hapa huji peke yako. Una mjomba Likoni, una mpwa anasoma chuo Tudor, una shemeji Changamwe, na wote watasikia umekuja. Mzee mmoja kutoka Machakos alitembelewa na mpwa wake Jumapili alasiri. Kijana alipita getini akasema anakwenda kumwamkia mjomba, akaruhusiwa. Wakakaa kando ya bwawa. Mzee, kwa ukarimu wake, akamwagizia soda, halafu sahani ya viazi karai na kuku. Mkono wa kijana ulikuwa mtupu, na mhudumu mmoja akaliona hilo. Mzee aliandikiwa tiketi nzima ya mgeni wa kutwa, ambayo ilikuwa bei ya chakula cha mchana, bwawa na vinywaji vya siku nzima, kwa soda moja na viazi. Alilia kwa hasira pale kaunta, na mimi nikalia ofisini, kwani yule mzee alifanana na babangu.

Njia ya kulikwepa ni nyepesi. Jamaa akija, mkutane kwenye viti vya mapokezi, umwambie mhudumu mapema, "Huyu ni mgeni wangu, hali kitu," kisha mtoke mwende mkale mjini. Au lipia tiketi ya kutwa ukijua unalipia nini, na mwite aje asubuhi ili aifaidi. Usimpe kinywaji chako kwa siri. Wahudumu wanahesabu mikono kuliko unavyodhani, na wakikosea wanakatwa wao.

Sasa nitasema jambo ambalo hoteli zilizoniajiri hazingelipenda. Ol-inklusivu haimfai kila mtu, na familia nyingi ninazozijua mimi haizifai kabisa. Sisi kwetu hatunywi. Ukiwa hunywi, unawalipia wenzako bia zao.

Chukua namba za kufundishia tu, usizitafute hotelini. Baba, mama, na watoto wawili wa nusu bei. Tuseme tofauti kati ya hafu bodi na ol-inklusivu ni 3,000 kwa mtu mzima na 1,500 kwa mtoto, yaani 9,000 kwa siku kwa familia nzima. Kwa 9,000 hizo, mwenye hafu bodi angekosa nini? Chakula cha mchana, soda na maji. Mkitoka mkala biriani au pilau Bamburi au Mtwapa, familia nzima, tuseme 3,500 na nauli ya tuktuk. Soda na maji ya siku, 1,500. Jumla 5,000. Mmebakisha 4,000 kila siku, na mmekula biriani ya kweli badala ya ile ya bafe ambayo imeogopa pilipili. Lakini wazazi hao hao wakiwa ni wanywaji, kila mmoja bia 6 kwa siku kwa shilingi 400 ya baa ya hoteli, hapo mmeongeza 4,800, jumla ni 9,800, na ol-inklusivu ndiyo rahisi zaidi kwenu. Hesabu hii ifanye nyumbani, kwa uaminifu, kabla ya kulipa. Wanaume hasa huwa wanapunguza bia kwenye karatasi na kuziongeza kwenye baa.

Ramadhani ndiyo kabisa. Mtu aliyefunga akanunua ol-inklusivu amelipia chakula cha mchana na baa ya mchana kutwa asivyovigusa. Omba hafu bodi, chakula cha usiku kiwe futari, na uulize kama jiko litakuandalia daku au watakuwekea chumbani. Hoteli ambazo meneja wa jiko ni mtu wa pwani hulielewa hili kabla hujamaliza sentensi. Na kuhusu halali, usidhani, uliza: nyama imechinjwa wapi, na je, nyama ya nguruwe ya kifungua kinywa inakaangwa kwenye kikaango chake peke yake? Nimeulizwa hilo mara nyingi na sikuwahi kumwona mtu mgumu.

Anayepata faida kwelikweli kwa ol-inklusivu ni kikundi cha marafiki wanaokuja kukaa kando ya bwawa siku nne bila kutoka, au wazazi wa vijana wa miaka 14 na 15, maana kijana wa umri huo anakula milo mitatu na bado saa kumi unamkuta kwenye meza ya keki. Ukipanga kwenda Fort Jesus siku moja, Haller Park ya pili, na Wasini ya tatu, unalipia milo ya mchana ambayo hutakuwepo kuila. Mlo ulioukosa haurudishiwi pesa. Unaweza kuomba chakula cha kufungiwa ubebe, ila uombe usiku kabla ya saa tatu, sio asubuhi ukiwa na mfuko begani.

Bahari nayo haimo kwenye bangili, ingawa picha za matangazo zinakuonyesha kama imo. Kayaki na vitu vya kuchezea visivyo na injini huenda vikawa ndani. Chochote chenye injini ni cha kulipia: skuta za majini, kuvutwa na boti, kuvua bahari kuu. Kuzamia na mtungi vilevile. Mbuga ya baharini ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986 mbele ya fukwe hizi hizi, ina kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, juu ya bei ya mashua, na kijana wa ufukweni anayekuita "rafiki" atakutajia bei ya mashua peke yake. Muulize kiingilio kimo au hakimo. Dafu la ufukweni utalinunua kwa pesa zako, na afadhali, ni tamu kuliko ile juisi ya mashine.

Na hiyo kayaki ya bure itazame kwa jicho la mvuvi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Utaipata kayaki, utapata mchanga, mawe na mwani hadi karibu na mwamba, na kuogelea utangoja alasiri. Hoteli haikukudanganya, ni mwezi. Wanaokuja kwa ajili ya bahari hasa, wachague tarehe wakiwa wameshatazama jedwali la maji.

Kabla ya kutuma pesa, mwandikie mtu wa hoteli, hata kama umenunua kwa wakala. Mimi huwapa jamaa zangu ujumbe huu wanakili:

"Habari ya kazi. Tuko watu wazima 2 na watoto 2, miaka 6 na 9, wakaazi. Tafadhali nithibitishie: bei ni kwa mtu au kwa chumba? Kodi zote zimo? Mlo wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi? Vinywaji vya ol-inklusivu ni vipi, baa zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Maji ya chupa na juisi ya matunda vimo? Kuna nyongeza yoyote ya sikukuu? Asante."

Swali la sikukuu usilifute. Mkesha wa Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya hoteli nyingi hufanya karamu ambayo malipo yake ni ya lazima kwa kila mgeni, uhudhurie au ulale. Wakala anayetaka bei yake ionekane ndogo huiacha nje. Na ukishapewa namba ya nafasi, ipigie hoteli simu wewe mwenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, uulize kama jina lako limo na limelipiwa. Nimewahi kuipokea familia ya watu 7 saa moja usiku, wana risiti nzuri ya rangi, na jina lao halikuwepo popote. Pesa walizituma kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi.

Swali la mlo wa kwanza nalo lina sababu yake. Treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi inawashusha Miritini saa mbili na kitu usiku, na Miritini si Shanzu. Kufikia mnapopita mlangoni, bafe imefungwa au wanakusanya sahani. Mmelipia chakula cha usiku na mnakula biskuti. Pigeni simu mchana, wawawekee sahani. Jiko likiambiwa mapema halikatai. Wanaokwenda Diani sasa wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri, lakini bado ni safari, nao wapige simu. Wanaopanda treni ya usiku wanafika kabla ya alfajiri, na chumba ni saa nane mchana. Kifungua kinywa cha asubuhi hiyo hakimo kwenye bei yao, na ule usingizi wa kwenye makochi ya mapokezi nimeufunika kwa leso zangu mara nyingi.

Siku ya kuondoka, mlo wa mwisho ni kifungua kinywa. Treni ya saa mbili asubuhi ikuwahishe kuomba kifungua kinywa cha kubeba jana yake. Ya saa tisa alasiri ina shida nyingine: chumba unakirudisha saa nne, na kuanzia hapo wewe si mgeni wa ol-inklusivu tena, hata kama mabegi yako yako stoo na mtoto bado yumo bwawani. Chakula cha mchana cha siku hiyo kinalipiwa kando, na ukikiombea usiku uliotangulia huenda ukapata bei ya kirafiki. Bili ya ziada iombe usiku huo huo pia, uisome kitandani mstari kwa mstari, na kama kuna juisi usiyoijua uje uiulize saa mbili usiku, wakati keshia hana foleni na barman aliyeiandika bado yuko zamu.

Mimi nilikuwa na mkasi mdogo mwekundu kwenye droo ya kaunta, wa kukatia bangili. Jazeni chupa zenu za maji kwenye mashine ya bafe mkitoka kunywa chai, kabla hamjanifikia.